Kuwafunza walimu kufundishia nje: nianzie wapi?

Swali: Habari zenu walimu. Nimepewa siku mbili niwanoe wenzangu 12 wafundishe nje ya darasa. Wengi wanahofia wanafunzi watatawanyika. Nianze na nadharia?

Jibu: Hapana, watoe nje, tena wao ndio wawe wanafunzi. Mimi huwapa fimbo ya mita 1 na futi kamba, wapime urefu wa mti kwa kutumia vivuli. Kivuli cha fimbo kikiwa sentimita 80 na cha mti mita 6.4, mti una mita 8, maana 6.4 ÷ 0.8 = 8. Vivuli vipimwe kwa wakati mmoja, maana jua halisubiri. Mwalimu mmoja wa hesabu alipiga magoti kwenye nyasi akapima mara tatu, hofu ikamwisha pale pale.

Muulizaji: Ahsante sana. Na kutawanyika je?

Jibu: Mipaka ionekane: funga vitambaa vyekundu. Ishara ya kurudi iwe moja tu, filimbi inatosha, na waizoee kabla ya somo. Asubuhi hiyo hiyo kagueni eneo: matawi makavu, nyuki, vipande vya chupa.

Jibu lingine: Siku ya pili kila mmoja afundishe wenzake dakika 15 za somo lake mwenyewe. Usiwape somo lako wakariri, nakusihi.