Spika ya kuitia koyote inazima yenyewe kwenye baridi: ni betri au chaja?

BaridiKali
Wakuu, habari. Nina spika ya rimoti ya kuitia koyote (mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, wa Amerika Kaskazini) ninapowinda, inakula betri 10 za AA. Zilizomo ni za kuchaji, NiMH (aina ya nikeli) za 2000 mAh. Chaja ina nafasi nne, inachaji mbili mbili. Hapa Minnesota, Marekani, asubuhi ni -15°C. Nikipandisha sauti ya mlio wa sungura aliyenaswa, ndani ya nusu saa spika inazima. Ikipumzika kidogo inawaka tena. Nirudi kwenye alkaline, zile za kawaida zisizochajiwa?

FundiMita
Alkaline sahau, mkuu. Kwa dalili hizo kuna betri moja mbovu inayoziponza nyingine tisa. Zimeungwa kwa mfululizo, mkondo uleule unapita kwenye kila moja. Dhaifu ikiisha, tisa zilizobaki zinazidi kusukuma mkondo ndani yake hadi inageuka chanya kuwa hasi, na hapo ndipo inapokufia. Spika inawaka tena kwa sababu volteji hujirudi mzigo ukiondoka.

Ikizima tu, zitoe papo hapo uzipime moja moja kwa mita. Nzima itasoma karibu 1.2 V. Itakayokuwa chini ya 1.0 ndiyo mchawi. Ukingoja, hata mbovu itapanda na kukudanganya.

Chaja nayo ina lawama. Inayochaji mbili mbili huona jozi kama betri moja: yenye chaji nyingi inapikwa huku mwenzake haijajaa. Tafuta yenye nafasi zinazojitegemea, uweke mkondo wa kuchaji wa 500 hadi 1000 mA. Watu hudhani 200 mA ni kuitunza betri. Kumbe chaja hujua betri imejaa kwa kuona volteji ikishuka kidogo, na kwenye mkondo mdogo mshuko huo hauonekani vizuri. Matokeo yake inaendelea tu kuchaji.

NyikaMN
Naongezea. Baridi hupandisha sana ukinzani wa ndani wa alkaline, ndiyo maana sauti kubwa inazishinda. NiMH huvumilia zaidi, ila nazo hupungua nguvu. Kikapu cha betri (kile kinachozishika zote kumi) kitembee mfuko wa ndani wa jaketi, ukipachike ukifika mahali pa kuitia. Ukirudi nyumbani usichaji mara moja. Zikichajiwa zikiwa chini ya 0°C gesi hujaa ndani. Ziache zipate joto la chumba.

Zipo AA za lithiamu zisizochajiwa, baridi haziijali. Lakini mpya husoma karibu 1.8 V bila mzigo, kwa hiyo kumi ni 18 V. Soma kijitabu cha spika kwanza.

Halafu kagua springi. Miguso ni 20. Kila mmoja ukiwa na ohm 0.05 tu, jumla ni ohm 1, na kwenye mkondo wa 1 A umeshapoteza volti nzima. Futa kwa pamba na spiriti.

BaridiKali
Nimepima. Tisa ni 1.19 hadi 1.22, ya saba ni 0.64! Ninunue moja tu?

FundiMita
Usinunue moja. Ukichanganya mpya na tisa zilizochoka, dhaifu inayofuata itaanza mchezo uleule. Chukua 10 za aina moja kwa siku moja, uziandike A1 hadi A10 kwa maka peni, zitumike na kuchajiwa pamoja. Hizo tisa zitafaa tochi. Na ukimaliza kuwinda toa kikapu, maana kipokezi cha rimoti kinaendelea kunyonya hata mlio ukiwa kimya.