Wiki ya 39, mama mkwe anataka nikandwe tumbo na ninywe dawa uchungu uanze, mnashaurije?

Kijacho wa Igoma:
Habarini za jioni wapendwa. Niko Igoma hapa Mwanza, ni mimba yangu ya kwanza, kadi ya kliniki inasema nimeingia wiki ya 39 ila utrasaundi niliyopiga nikiwa na miezi nane ilinipa tarehe ya mbele zaidi kwahiyo hata sielewi nifuate ipi. Nimechoka jamani, kiuno kinauma usiku silali, kugeuka tu kitandani mpaka nimshike mume wangu, jioni miguu imejaa viatu haviingii.

Sasa mama mkwe kaja toka Ukerewe kunisubiria nijifungue, ni mama mzuri sana ananipenda, kila siku ananipikia sato wa mchuzi na mlenda anasema mtoto atateleza vizuri. Ila kaacha shamba na anatakiwa arudi, ndo ameanza kusema mtoto kachelewa, kuna mama mmoja mkunga wa jadi huko Kisesa anakanda tumbo kwa mafuta anamweka mtoto sawa afu anakupa dawa ya mizizi unakunywa, uchungu unakuja siku hiyo hiyo. Mume anasema nimsikilize mama maana watoto wake wote kawazaa hivyo. Mi naogopa lakini pia natamani hii mimba iishe.

Naomba kuuliza kukandwa ni salama au la? Na kuna kitu cha asili kinachosaidia uchungu uanze wenyewe? nimesikia tende, nanasi, mafuta ya nyonyo, kutembea, tendo la ndoa. Na mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mama Wawili Buhongwa:
Shoga hiyo mizizi usiguse. Kuna dada jirani yetu huku alipewa akiwa na mimba ya nne, uchungu ulikuja kweli lakini haukumwachia hata sekunde, kufika hospitali mfuko wa uzazi umeshapasuka, yeye walimuokoa kwa operesheni mtoto hakuwahi. Nakuombea ujifungue salama mdogo wangu.

Mkunga Leba:
Pole mdogo wangu na hongera kwa kufika hapo. Mi ni mkunga, leba ndo ofisi yangu, ngoja nikuandikie kwa kirefu maana hili swali tunakutana nalo kila siku huku kanda ya ziwa.

Tarehe kwanza. Ile ya kwenye kadi ni makadirio, tunachukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho tunahesabu siku 280 yani wiki 40, na wanaojifungua siku ile ile iliyoandikwa ni wachache mno. Utrasaundi ya kuaminika kwenye umri wa mimba ni ya mapema, kabla ya wiki 24, hiyo ya miezi nane inaweza kupishana hata wiki mbili tatu kwasababu mtoto akishakua kila mmoja ana mwili wake. Kama hedhi yako ya mwisho unaikumbuka vizuri na ilikuwa hairukiruki basi shika ya kadi. Kwahiyo hujachelewa hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aanzishiwe uchungu akiwa na uhakika kwamba kafikisha wiki 41, hapo ndo unaenda hospitali na kadi yako wakupangie, isipokuwa kama una shida nyingine kama presha ambapo daktari anaweza kuamua mapema zaidi.

Kukandwa sasa. Mgongo, kiuno, mabega, nyayo, hizo kandwa hata leo, zinapunguza maumivu, unalala, na hofu inashuka. Ila haianzishi uchungu, mtu asikudanganye. Tumbo kubonyezwa ili mtoto akae sawa au ashuke, hapana kabisa. Kondo la nyuma limejishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na anayebonyeza kwa nje haoni limekaa wapi, likibanduka kabla mtoto hajatoka damu inamwagika, tena wakati mwingine inabaki ndani hamuoni hata tone, na mtoto anakosa hewa. Mtoto aliyekaa vibaya hata hospitali anageuzwa, lakini ni daktari, kapima kwa utrasaundi, mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa na chumba cha upasuaji kiko tayari.

Na kuhusu mizizi nielewe vizuri, sisemi haifanyi kazi. Shida ni kwamba inafanya kazi na hakuna wa kuizuia. Uchungu mzuri unakuja unaondoka, ule muda unapoondoka ndo mtoto anapata damu yenye hewa. Sisi tukikuwekea dripu ya uchungu tunaanza na matone machache, tunaongeza taratibu, tukiona uchungu unafuatana bila mapumziko tunafunga na baada ya dakika chache nguvu inapungua. Mizizi ukishaimeza nani ataifunga? Mtoto anachoka, anajisaidia humo humo tumboni maji yanakuwa ya kijani, na mwenye kovu la operesheni au aliyezaa mara nyingi ndo huyo mfuko unaweza kupasuka. Na wengi wakifika leba wanaficha, akipewa dripu juu ya mizizi inakuwa nguvu mara mbili. Yeyote anayesoma hapa kama umekunywa chochote mwambie mkunga ukiingia tu mlangoni, wala asikugombeze.

Tende kula, sita kwa siku ndo kiasi kilichotumika kwenye utafiti wa Jordan uliotoka 2011, akina mama waliokula wiki nne za mwisho walifika hospitali njia imefunguka zaidi na wachache zaidi walihitaji kuanzishiwa. Ila haziamshi uchungu kesho yake, na kama una sukari ongea na kliniki kwanza. Nanasi na mlenda ni chakula kizuri tu, mlenda unaenda tumbo la chakula hauendi kwenye njia ya mtoto, mama mkwe aendelee kukupikia. Mafuta ya nyonyo achana nayo, yanakuharisha na kukutapisha unaingia leba huna maji mwilini wala nguvu. Tendo la ndoa ni ruhusa kama chupa haijapasuka, hutoki damu na hujaambiwa kondo limekaa chini, lakini usilitegemee. Kuchezea chuchu kunaweza kuleta uchungu kweli kama mlango wa kizazi umeshalainika, ila unaweza kuja mkali sana kwahiyo usijifanyie nyumbani bila kuuliza. Ukikaribia wiki 41 muulize mkunga wako, akikupima njia anaweza kuzungusha kidole kutenganisha utando wa chupa na mlango wa kizazi, inauma kidogo lakini inasaidia uchungu kuja wenyewe.

Miguu kujaa jioni na kupungua asubuhi ni kawaida. Ila ukivimba uso na mikono, kichwa kikakugonga, ukaona ukungu au nyota, ukatoka damu, chupa ikapasuka, au mtoto akapunguza kucheza, nenda hapo hapo hata saa nane usiku usisubiri kukuche. Usafiri ukikosekana kuna m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, piga 115 ni bure.

Mvuvi wa Kirumba:
Naomba niongee na huyo mume, kaka na mimi nilikuwa kama wewe nasema mambo haya ni ya wanawake. Hiyo kazi ya kukanda ifanye mwenyewe. Nesi wa kliniki alinielekeza hivi: mkeo alale ubavu wa kushoto, mto mmoja katikati ya magoti mwingine chini ya tumbo, asilale chali maana mfuko unakandamiza mshipa mkubwa wa damu anapata kizunguzungu. Mafuta ya alizeti au nazi ya vuguvugu, tumia kiganja chote sio ncha za vidole, pita pembeni ya uti wa mgongo sio juu yake, toka kiunoni panda mabegani. Ile sehemu bapa juu ya makalio ndo kuna maumivu, weka ile sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono ukandamize taratibu ushikilie huku anapumua. Vigimbi vya miguu usivikamue kwa nguvu, mjamzito damu yake inaganda kirahisi na likiwepo donge linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu. Ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake na unauma usikande kabisa, mpeleke hospitali.

Uchungu ukianza hicho hicho kiganja ndo kitafanya kazi, kila ukija unamkandamiza hapo nyuma mpaka upite. Ulizia kama wanaruhusu mtu kuingia naye leba, ruhusa ikiwepo usikae nje. Na kutembea, mtembee wote jioni sehemu tambarare, sio kupandisha mawe ya Mabatini eti mtoto ashuke, akiteleza pale ni shida nyingine.

Bibi Nansio:
Mjukuu wangu mimi ni mtu wa Ukerewe kama huyo mama mkwe wako. Sisi tulizaa hivyo kwasababu hatukuwa na njia, ziwa likichafuka usiku mtumbwi hautoki, dispensari mbali, mwenye kukukanda ndiye aliyekuwepo. Mama yako hana nia mbaya, anakupa kile kilichomsaidia. Usimwambie hapana mezani mbele ya watu. Muombe akusindikize kliniki siku yako ya kurudi, mwambie mama nataka na wewe usikie wanavyosema, akae pale mkunga aongee na nyie wote wawili. Mkunga akisema moyo wa mtoto unadunda vizuri na siku bado, atakuwa kasikia kwa masikio yake sio kwa mkwe wake. Afu mpe kazi, mwambie akukande mgongo jioni. Na mumeo ampigie baba huko kisiwani watafute kibarua cha shamba, mama akae bila presha, mtoto haji kwa ratiba ya shamba.

Kijacho wa Igoma:
Wabeja sana jamani, nimemsomea mume wangu yote, kakaa kimya afu kaenda kutafuta mafuta ya alizeti. Kesho kutwa ndo siku yangu ya kliniki nitaenda na mama. Swali la mwisho dada mkunga, kuna rafiki kaniambia nijikande huku chini kwa mafuta ili nisichanike, ni kweli au ni maneno tu?

Mkunga Leba:
Ni kweli, na kwa mimba ya kwanza ndo inasaidia zaidi. Huwa tunashauri kuanzia wiki ya 34 au 35, wewe umechelewa kidogo lakini bado fanya, mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Oga maji ya vuguvugu, kata kucha, nawa kwa sabuni, paka mafuta safi ya kula yasiyo na manukato. Ingiza kidole gumba kama sentimita tatu nne, kandamiza kuelekea chini upande wa haja kubwa, shikilia mpaka usikie inavutika, afu peleka pembeni kulia na kushoto, kama dakika tano. Isiume, ikiuma umezidisha. Usifanye kama una muwasho au uchafu unaonuka, unatoka damu, au chupa imepasuka. Na hiyo siku ya kliniki mwambie mkunga akuangalie kama kichwa cha mtoto kimeshashuka, mama mkwe akisikia hilo atafurahi sana.