Naombeni ushauri: namwachiaje kijana kazi bila mzigo kuharibika?

Habari za leo ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nauza dagaa kwa jumla Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Nina kijana na dada wawili wanaonisaidia, waaminifu kabisa.

Tabu yangu ni kuachia. Gunia likishashonwa nalifumua tena, napitisha mkono hadi chini. Dagaa wenye unyevu wakifungwa wanaota ukungu njiani, na mteja wa Kongo harudi kulalamika, anahamia kwa jirani. Lakini kijana naye amebadilika. Siku hizi hata akiona mchanga haniambii, anasubiri niuone mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko hasara.

Giza lililopita, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, mzigo ukiwa mwingi, nilijaribu kubaki nyumbani. Nikaishia kupiga simu kila saa. Nikajikaza nisiulize chochote, gunia likatoka halijakauka.

Wenye wasaidizi, mlianza kuachia kazi ipi: kununua dagaa pale mwaloni, kuanika au kufunga? Na mnakaguaje bila mtu kujiona haaminiwi? Mbalamwezi ikiisha mzigo unarudi, ningependa nianze hapo.

Natanguliza shukrani.