Wakuu naomba ushauri: nataka intro ya harusi iwe kama ile ya Stranger Things, herufi zinanigomea

MtuWaKamera:
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni edita wa video niko Mwanza, kazi zangu nyingi ni harusi na sendofu. Sasa kuna bibi harusi mmoja ni mgonjwa wa Stranger Things, ile sizoni ya Netflix, kaniambia video fupi itakayorushwa ukumbini kabla hawajaingia ianze kama intro ya ile sizoni, zile herufi nyekundu zinazoelea gizani mpaka zinakutana, ila yakae majina yao, LIZ juu EMMANUEL chini.

Nyekundu nimeweka, giza nimeweka, mng'ao nimeweka mpaka basi, lakini nikiangalia naona bango la baa, sio kile kitu kabisa. Sijui tatizo ni fonti au nini, na majina yenyewe hayakai, la chini limekuwa refu kuliko la juu. Natumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ile ya bure, laptopu ramu 8 kwa hiyo msiniletee habari za mashine nzito. Natanguliza shukrani.

kausha_damu:
Naweka kambi hapa, na mimi nina mteja wa aina hiyo ila wa kwangu anataka ya tamthilia ya Kituruki 😂

herufi_kubwa:
Mkuu fonti inaitwa ITC Benguiat, kaichora Mmarekani Ed Benguiat miaka ya 70 huko, mzee kafariki 2020 akiwa na miaka 92. Ndio ile ile unayoiona kwenye majalada ya zamani ya vitabu vya Stephen King, yule mwandishi wa hadithi za kutisha, na wala haikutokea tu, wale ndugu wawili wa Duffer wenye sizoni yao waliwapelekea watengenezaji wa intro rundo la majalada ya vitabu hivyo kama mfano wa kile wanachokitaka. Ni fonti ya kulipia lakini, zipo za bure zinazofanana nayo ila soma leseni kwanza maana wewe unafanya biashara, sio unacheza.

Sasa hilo la majina kukataa kukaa, chukua kalamu uhesabu. STRANGER ni herufi nane, S ya mwanzo na R ya mwisho zimekuzwa zikashuka chini, katikati zimebaki T R A N G E, sita. Chini yake limekaa neno THINGS, nalo sita, limeingia pale katikati ya S na R limetulia tuli. Halafu kuna mstari mmoja juu ya neno zima na vistari viwili vifupi kushoto na kulia ya THINGS. Yaani lile jina limejengeka kama boksi. Wewe ukiweka LIZ juu, ukishakuza L na Z katikati inabaki I peke yake, EMMANUEL ataingia wapi hapo? Na ana M mbili zile pana.

MtuWaKamera:
Aisee hilo la boksi sikuliona kabisa. Sasa nikimgeuza EMMANUEL akae juu LIZ chini anakaa vizuri sana, tatizo bibi harusi kasema jina lake lazima liwe juu, na mwenye hela ni yeye.

mama_kadi:
Kaka yangu mimi natengeneza kadi za harusi, hayo ya jina nani awe juu nayaishi kila wiki 😅 Muulize kwenye kadi ameandikwaje. Kama ni Elizabeth basi weka ELIZABETH, herufi tisa, E na H zinakuwa nguzo, katikati una saba. Bwana harusi mfupishe awe EMMA, si ndivyo wanavyomuita nyumbani? Nne zinaingia bila kubanwa na vile vistari vya pembeni unavirefusha kujaza nafasi. Na H kama nguzo ni tamu kuliko hata Z, miguu yake imenyooka. Ila mtumie picha kwanza kabla hujaanza kuzichezesha, bibi harusi akiona jina lake kamili kwa ukubwa huo hatakumbuka hata hiyo Liz.

MseeWaStudio254:
Boss wa Mwanza, salamu kutoka Nairobi. Watu hapa wamekupa fonti poa sana lakini mimi naona shida yako haiko hapo, hata ukiinunua hiyo Benguiat leo bado utapata hilo bango lako. Rudia kuangalia intro yenyewe ukiwa umezima sauti. Karibu muda wote huoni herufi nzima! Unaona kona ya kitu, mkunjo, kipande cha mstari kinapita polepole sana karibu na uso wako, hujui ni herufi gani, halafu kingine kinatoka upande mwingine, na ni mstari wa pembeni tu unaowaka, ndani ni giza, haijajazwa rangi. Jina zima unalipata mwishoni. Nina uhakika wewe umeandika neno zima, ukaliwasha, ukalisogeza. Ama nadanganya?

Hiyo idea ya kuchelewesha jina ni ya zamani. Intro waliitengeneza studio ya Imaginary Forces, aliyesimamia ubunifu ni Michelle Dougherty, na walikuwa wanamtazama Richard Greenberg, yule jamaa wa muvi ya Alien ya 1979, ambapo vijistari vinatokea kimoja kimoja juu ya skrini mpaka vinakuwa jina la muvi. Greenberg hakuwa na haraka hata kidogo. Na hao wa Stranger Things wakachukua tuzo ya televisheni ya Emmy ya 2017 ya intro bora kwa herufi zinazotembea tu, hakuna sura ya mtu mle ndani.

MtuWaKamera:
Hujadanganya, ndivyo nilivyofanya 😂 Sasa ule mwanga, mbona wangu unawaka sawa sawa kila mahali?

MseeWaStudio254:
Ndio hapo sasa. Wale walichapa herufi kwenye Kodalith, ile filamu nyeusi tititi ya zamani ambayo inapitisha taa pale penye maandishi tu, wakamulika kwa nyuma wakashuti waone mwanga unavuja vipi, unatetemeka vipi, pale pembeni unakuwaje. Kazi ya mwisho ikafanywa kwa kompyuta lakini walishajua wanaiga nini. Hiyo kitu unaweza kuifanya kwako. Nenda stesheneri wakuchapie herufi kwenye ile karatasi ya plastiki ya projekta, kila kitu cheusi kasoro mstari wa herufi, chapa nakala mbili uzipange juu ya nyingine maana moja taa inapenya kwenye weusi. Nyuma weka nailoni nyekundu ya kufungia zawadi, nyuma yake taa, chumba giza, simu yako kwenye stendi, na hiyo taa uisogeze kwa mkono taratibu. Mkono wako utatetemeka kidogo na hiyo ndiyo tunaitafuta.

herufi_kubwa:
Hii ya taa nimeipenda. Ila kama muda hakuna, kwenye Fusion, ile sehemu ya kuchezesha maandishi na picha ndani ya hiyo hiyo Resolve, andika herufi moja moja, kila moja leya yake, toa rangi ya ndani bakiza mstari mwembamba. Mng'ao weka mara mbili, mmoja mdogo mkali umebana kwenye mstari na mwingine mpana hafifu wa nyekundu iliyokolea. Halafu juu ya mstari pitisha kivuli kinachotembea ili sehemu nyingine zififie nyingine ziwake. Mwisho kabisa weka chengachenga za filamu na picha nzima itikisike kidogo sana, pikseli moja au mbili, fremu 24 kwa sekunde. Usiweke 3D, ramu 8 italia.

Mzee_wa_Kanisa:
Samahani jamani, hii si ni ile ya mazimwi? Ukumbini kuna wachungaji na bibi zetu. Kwa nini usiweke ya dhahabu?

mama_kadi:
Mzee wangu shikamoo. Ni herufi tu hakuna zimwi litakalotokea, na dhahabu wanayo kila harusi. Ila ni kweli mkuu, hakikisha haizidi nusu dakika, ya kwenyewe inakaribia dakika na ukumbini watu wana njaa.

besi_nzito:
Mbona hamjagusa muziki? Bila ule mdundo hata herufi ziwe nzuri vipi hazitembei. Wameupiga Kyle Dixon na Michael Stein, wanatoka bendi ya S U R V I V E ya Austin, Texas. Ni kinanda cha umeme kinapanda na kushuka ngazi moja tu, do mi so ti do, ti so mi, kinajirudia hivyo hivyo, kinachobadilika ni sauti inavyofunguka kutoka kwenye kufifia mpaka kung'aa. Wewe usiuchukue wenyewe, ukiipandisha YouTube itakamatwa kwa hakimiliki na mteja atakuja kwako analalamika. Tafuta mtu wa kinanda akupigie ngazi nyingine kwa mtindo huo. Na herufi zibadilike pale mdundo unapobadilika, sio popote.

MtuWaKamera:
Mungu awabariki wakuu. Bibi harusi kakubali ELIZABETH, kasema mwenyewe kumbe ni zuri. EMMA bado wanabishana 😂 Stesheneri nimepita, karatasi za projekta wanazo. Kuna kingine cha kuangalia kabla ya siku yenyewe?

MseeWaStudio254:
Uliza ukumbi wana nini. Kama ni skrini ya LED uko sawa, ila punguza mng'ao kidogo maana zile zinawaka sana na mstari mwembamba utavimba. Kama ni projekta na taa za ukumbi zinawaka, hilo giza lako litakuwa kijivu na kazi yote imeenda. Ongea na MC na mtu wa taa, wazime zote kabla hujabonyeza, na fika mapema ujaribu na klipu yenyewe.