Naomba ushauri: kuhamia nyumba kubwa ndani ya jengo lilelile

Habari zenu ndugu. Tunaishi Bronx, New York, kwenye jengo la nyumba za bei nafuu. Tuliipata nyumba kwa bahati nasibu ya jiji. Tuliingia wawili, mimi na mke wangu, tukapewa chumba na sebule. Sasa tuna watoto wawili. Mkubwa ana pumu na analala sebuleni, kwenye godoro tunalolikunja kila asubuhi. Mama yake akirudi kutoka zamu ya usiku hana pa kupumzika, na hilo linaniumiza sana.

Ofisi ya jengo nimeiandikia mara mbili. Jibu ni lilelile: subirini zamu yenu. Ghorofa ya nne nyumba ya vyumba viwili iko tupu.

Hofu yangu ni kipato. Sasa tunafanya kazi wote wawili. Jengo liko chini ya ule mpango wa serikali ya Marekani wa 1986 (LIHTC), unaowapunguzia wenye majengo kodi ya serikali ili wapangishe watu wa kipato cha chini, na najua kipato kikipanda hatufukuzwi tulipo. Lakini tukiomba kuhama, tutapimwa upya kama wapangaji wapya? Barua ya daktari wa mtoto itasaidia? Aliyewahi kuhama hivi, tafadhali anieleze alianzia wapi.