Mhadhiri apimwe kwa namba za Google Scholar? Mi nasema chuo kianze kupimwa chenyewe

Wakuu habari zenu. Naleta hili tulijadili maana naona linageuka kuwa sheria kimyakimya kwenye vyuo vyetu, mhadhiri akiomba kupanda cheo swali la kwanza ni Google Scholar yake (ile huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma na kuhesabu zilivyonukuliwa) inasomaje, saitesheni ngapi, yaani kanukuliwa mara ngapi, h-indeksi ngapi, na asiye na profaili anachukuliwa kama hafanyi kazi. Kuna mdau aliandika kwamba mwalimu asiyeonekana mtandaoni hana utafiti. Mi niko maktaba ya chuo, hizo profaili tunawasaidia walimu kuzifungua, na hiyo kauli naipinga kabisa.

Tuanze na hiyo h-indeksi maana wengi wanaitaja tu bila kujua inatokaje. Aliyeileta ni mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005, ukiwa na makala 8 na kila moja imenukuliwa walau mara 8 basi h yako ni 8. Sasa chukulia mzee aliyekesha miaka mingi na kamusi moja, kamusi ikanukuliwa mara 900: h yake ni 1. Kijana mwenye vimakala vinne ambavyo yeye na washkaji zake wamenukuliana mara nne nne, h yake ni 4. Kamati ikiangalia namba peke yake hapo kijana kashinda.

Ila kinachoniuma zaidi ni hiki. Google Scholar haitembei kwenye rafu zetu. Ina masharti yake na yako wazi kwa yeyote anayeendesha tovuti ya chuo: faili la PDF lisizidi MB 5, maandishi yawe yanasomeka na mashine sio picha ya karatasi, na mwishoni kuwe na orodha ya marejeo yenye kichwa inachokitambua, na mifano wanayoitoa ni ya Kiingereza. Sasa njoo uone tasnifu ya miaka ya themanini ilivyopandishwa kwenye tovuti ya chuo: imeskaniwa kurasa 300 kama picha, faili MB 60, imelala kidogo upande, jina la mwandishi limeandikwa herufi kubwa tupu na mwaka uliowekwa ni ule wa kuskani. Mashine haioni kitu. Na mle ndani kuna kurasa tele zinazomnukuu mwalimu wa isimu au fasihi ya Kiswahili ambaye leo anaambiwa hana saitesheni. Amenukuliwa sana tu, ila waliomnukuu wako kwenye karatasi, au wako kwenye jarida la idara linalotoka nakala chache na halijawahi kuwekwa mtandaoni.

Hapo bado majina. Mwalimu huyohuyo makala moja ni Mohamed, nyingine Mohammed, nyingine Muhammad, na kama ni akina Mushi J. ndo balaa, unafungua profaili unakuta imebeba makala za daktari wa mifugo na mtu wa uhandisi, asiposafisha mwenyewe anasifiwa kwa kazi za watu.

Na msiniambie namba hazidanganyi. Mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble kule Ufaransa alitengeneza mtafiti hewa akamwita Ike Antkare, akampa makala kama mia zilizoandikwa na programu, hazina maana yoyote, zinanukuana zenyewe kwa zenyewe. Google Scholar ikampa h-indeksi ya 94! Mtu hayupo duniani.

Najua vyuo vinasukumwa na Webometrics, ile orodha ya Wahispania ya kupanga vyuo vikuu duniani, ambayo sehemu ya alama zake imekuwa ikizitoa kwenye hizi profaili. Sawa, profaili zifunguliwe, hilo naunga mkono kwa mikono miwili, mwanafunzi wa Kisumu amwone mwalimu wa Zanzibar anaandika nini. Kuonekana ni jambo jema. Kumpandisha au kumkwamisha mtu kwa hiyo namba ndo jambo jingine.

Kuna mkuu alinijibu hoja nzito, kwamba tukiziondoa namba tunarudi kwenye kujuana, mtu anapandishwa kwa sababu ni wa kwao. Hofu hiyo naielewa na ni ya kweli. Lakini dawa yake ni kamati kusoma. Mwombaji alete kazi zake tatu anazojivunia, zisomwe na watu wa fani yake walio nje ya chuo, maoni yao yaandikwe na mwombaji aruhusiwe kuyaona. Hata wataalamu wa kupima utafiti kwa namba walishalisema, tamko lao la Leiden la 2015 lina kanuni 10 na mojawapo inataka utafiti wenye manufaa ya mahali husika ulindwe, ukiwemo ulioandikwa kwa lugha zisizo Kiingereza.

Kwa hiyo msimamo wangu, chuo kikitaka kumpima mwalimu mtandaoni kwanza kipandishe majarida yake na tasnifu zake zote vizuri, zisomeke, ndo kipate haki ya kuuliza. Walioko kwenye kamati za vyeo humu naomba mtuambie ukweli, zile makala mnazisoma au mnaishia kwenye namba?