Mliowahi kuwa na gari la spoti Malindi, Watamu na Lamu, tupeane uzoefu

Jua la Casuarina
Asalaam aleikum jamaa. Jana magharibi nimesimama kwa muuza viazi karai Lamu Road, ikapita Mazda MX-5 nyekundu, paa limefunguliwa, ndani babu wa Kiitaliano na mbwa wake. Nimeisindikiza kwa macho mpaka viazi vikapoa. Nina akiba kidogo, mke hajui. Waliowahi kumiliki gari la viti viwili hapa kwetu, semeni ukweli. Mtu anaishi nalo vipi?

Mokowe Jeti
Lamu umeitaja ya nini yakhe? Gari unaliacha Mokowe, unapanda boti, ukifika mjini unaliota. Ndia zetu punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma.

Bin Maweni
"Mke hajui." Hapo mimi nimemaliza kusoma 😂

Rotari
Umenitonesha kidonda, wallahi. Mimi nilikuwa na Mazda RX-8, rangi ya fedha, gia sita za mkono. Kwa wasiojua: injini ile haina pistoni. Ndani mna rota mbili za pembe tatu zinazunguka. Ni lita 1.3 tu, lakini unaipandisha hadi mizunguko 9,000 kwa dakika na bado inakuomba uendelee. Milango ya nyuma inafungukia nyuma. Nililipenda kabla sijaliwasha.

Sasa sikilizeni. Binti ya mjomba kaolewa Mambrui, na siku ya kumpeleka kwa mumewe nikaahidi mimi ndiye nitamchukua. Gari nimeliosha usiku. Asubuhi mdogo wangu, kwa wema wake, kaona jua linaanza kuchoma viti vya ngozi, kaliwasha, kalisogeza chini ya mwarobaini, kalizima. Hatua chache tu! Anayeijua injini hii ameshashika kichwa. Ukiiwasha baridi ukaizima kabla haijapata moto, petroli inajaa ndani, plagi zinalowa, na hapo imegoma.

Bibi harusi katoka, vigelegele, udi unafuka, mashangazi wamejipanga. Nikazungusha ufunguo. Ikalia we, ikalia, haishiki. Nikarudia mpaka betri ikafa. Shangazi yangu mkubwa (ambaye tangu mwanzo aliuliza yeye atakaa wapi) akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hili gari lina mtu." Vijana wakasukuma mpaka kwenye mteremko, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Ikashika! Ikatoa moshi mweupe wa petroli, ukawafunika wanawake wote waliokuwa wametuandama nyuma. Udi wa bibi harusi ukafa pale pale.

Kutupa macho nyuma, bibi harusi yuko ndani ya tuktuk na shangazi, wanakata kona kuelekea daraja la Sabaki.

Mama Hafswa
Nacheka mpaka chai imenimwagikia. Shangazi alisema nini mlipofika?

Rotari
Hajasema na mimi mpaka arubaini ya bibi harusi.

Bluu na Dhahabu
Ndiyo maana sisi tuna Subaru STI. Unawasha, unaondoka, familia yote ndani. Dereva Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally za 1997 na Subaru Impreza, matope na mawe. Hiyo rota yako ingefika Mariakani?

Bin Maweni
STI ina milango minne na buti la kutia magunia. Hilo ni gari la familia lenye kelele. Mada ni gari la spoti.

Bluu na Dhahabu
Kaa nayo taa zikiwaka kijani ndipo utajua familia ya nani.

Mzee wa Shela
Wanangu, msigombane kwa mambo ya juzi. Kabla ya Subaru kulikuwa na Datsun 240Z. Milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita. Safari ya 1971 ilishinda, na 1973 ikashinda tena, dereva Shekhar Mehta. Mwaka ule alifungana alama na Harry Källström, naye pia yuko ndani ya Datsun, wakaanza kuhesabu vipande vya njia ndipo Mehta akapewa. Gari la spoti na barabara ya vumbi ni watu wa zamani kujuana. Nyinyi vijana mnaogopa tuta.

Bluu na Dhahabu
Shikamoo mzee. Nimenyamaza.

Mama Hafswa
Nirudi kwenye swali. Mimi ndiye mwenye MX-5, si nyekundu, na najua mnavyonitazama na buibui langu nikipita sokoni. Jua la Casuarina, ngoja nikueleze, kisha uamue.

Nafanya kazi Watamu. Zamu ya asubuhi naondoka baada ya alfajiri, paa nimelifungua. Nikifika Gede, badala ya kukata kushoto kwenda Watamu naendelea mbele kidogo kama anayekwenda Kilifi, pale barabara inapoandamana na msitu wa Arabuko Sokoke. Baridi ya msitu inakuja mpaka shingoni. Unasikia ndege, gari linakwenda. Umekaa chini hivi kwamba matatu ikikupita, gurudumu lake liko sawa na sikio lako. Gia yake fupi, ni mkono tu unapinda. Gari zima ni kama tani moja, kwa hiyo usukani unakupa habari ya kila kijiwe. Na hapo sijafika hata 80! Sheria ni 100 barabara kuu na 50 mjini, na mimi sijawahi kuona haja ya kuivunja. Raha ya gari hili iko kwenye kona na kwenye gia. Nikigeuza pale Matsangoni kurudi Watamu, nimeshashiba siku nzima.

Shida sasa. Kwenye pembe za paa, nyuma ya viti, kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Majani ya mwarobaini yanaviziba. Maji yanabaki ndani ya kizingiti cha mlango, kutu inakula kutoka ndani, nje rangi inang'aa. Zibua kila mara, kwa waya laini. Na usiegeshe chini ya mti.

Fundi wa Barani
Usipoegesha chini ya mti, jua litaikausha turubai ya paa ipasuke. Egesha chini ya mti, weka kifuniko.
Jingine, hewa ya bahari. Osha chini ya gari kila wiki, mpirani na kwenye breki.

Bin Maweni
Kwa maji gani fundi? Mfereji umekauka, kisima changu ni magadi matupu. Si nitakuwa naliosha kwa chumvi?

Fundi wa Barani
Nunua maji matamu.

Bin Maweni
Watoto wanaoga ndoo moja, gari lioge ndoo nne. Sawa.

Bluu na Dhahabu
Paka oili chafu chini ya bodi. Babu zangu walifanya hivyo.

Fundi wa Barani
Usipake. Inakula mipira yote.

Mtu wa Bandarini
Kwa anayefikiria kuagiza Japani: sheria ni gari lisizidi miaka 8. RX-8 waliacha kuitengeneza 2012, kwa hiyo mtu akikwambia anakushushia moja Mombasa mwaka huu, mshukuru na ushike mfuko wako. Zilizopo ni hizi zinazozunguka humu humu nchini. MX-5 bado zinatengenezwa, hizo zinapatikana. Kabla hujalipa, inua zulia la buti na uangalie kutu.

Jua la Casuarina
Na matuta? Matuta ya Gede ni kuta.

Mama Hafswa
Nenda mshazari, gurudumu moja moja, polepole. Wa nyuma wapige honi wachoke.

Mokowe Jeti
Mimi nina boti ya injini mbili. Inahesabiwa?

Bin Maweni
Ina milango mingapi?

Mzee wa Shela
Rotari, hukumaliza. Gari liko wapi?

Rotari
Nimeuza, mzee. Alikuja mtu kutoka Mambrui, hakutaka hata kupunguziwa, alikuwa ameliona tangu siku ile ya moshi. Ni mume wa bibi harusi.

Fundi wa Barani
Umemwambia asilizime likiwa baridi?

Rotari
Nimemwandikia kwenye karatasi, nikaibandika juu ya dashibodi.

Mama Hafswa
Shangazi anajua?